Viatu Namba Saba

Mwezi uliopita tulimzika Sista Wairimu kwao Kabiria, nyuma ya nyumba za kupangisha za familia ya mumewe, mahali palipokuwa shamba la mahindi zamani na sasa ni kamba za nguo tu. Nilikuwa nimesimama kando ya hema, jua la saa sita likinichoma upara, nikasikia mkono umeniangukia begani na sauti ambayo ningeitambua hata usingizini ikaniuliza, "Musyoka, mama watoto amevaa viatu gani leo?" Sikugeuka. Nyambura wangu alikuwa ameketi na akina mama, safu ya nne, amenipa mgongo. "Vyeusi," nikasema, "kisigino kifupi, na kidole kidogo cha kushoto amekibandika plasta, kwa sababu ni vipya na nilimwambia asivivae leo, lakini kwani huyo husikia?" Ndipo nikageuka. Alikuwa Kimani wa bucha, tumbo limemtangulia kama kawaida, na nyuma yake Mwalimu Mbithi na bakora yake. Tukacheka sisi wazee watatu, tukacheka msibani, mpaka mama mmoja wa kanisa akatukata jicho. Tulistahili. Ila swali lile halikuwa mzaha wetu, lilikuwa la marehemu mwenyewe, na mimi lilinipa mke na mtoto ambao nilikuwa karibu kuwapoteza huku nimetabasamu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Niliuza viatu katika duka moja pale Biashara Street, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: nilikuwa fundi wa kuuza. Mteja akiingia mlangoni nilishajua namba yake kabla hajafungua mdomo. Mabibi wa ofisini waliokuja wakisema "nipe tano" niliwaletea sita bila kubishana, nikawavalisha nimepiga goti moja, na kijiko changu cha kuvalishia kikiwa mfukoni mwa shati pamoja na kalamu. Bosi wangu alikuwa amenifunza siri moja ya kazi ile, nami niliwaambia wateja kila siku: mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Nunua kiatu mchana, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, la sivyo utakuja kunitukana kesho. Niliisema sentensi hiyo mara nyingi hata nikaiamini kuliko katekisimu. Nyumbani tulikaa Woodley, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjane mmoja mpole, na mlango wetu ulitazama mparachichi wake. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa na pazia la maua lililogawa pa kulala na pa kupikia. Nikikumbuka sasa, na nyumba hii yetu yenye vyumba ambavyo hata hatuingii, naona tulikuwa na kila kitu.

Nyambura alipopata mimba nilifurahi nikawatangazia mpaka wauza magazeti. Halafu nikarudi kuuza viatu, maana nilidhani kazi yangu imeisha. Mwezi wa nne wa mimba akarudi kutoka kliniki na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. "Kuna darasa ya wanaume," akasema, akikatakata sukuma wiki bila kuniangalia. "Jumamosi saa tisa, kwa kanisa hapo nyuma ya maduka ya Adams. Utaenda." Nikamuuliza darasa ya nini. "Ya kuwa mtu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kisu chini akasema, "Musyoka, unajua miguu ya wanawake wote wa Nairobi. Mimi nikikuuliza kitu kunihusu, unaniambia sijui, uliza mamako. Sasa chagua. Uende huko, ama mimi nirudi kwa mama Kabiria nijifungulie huko, ukuje kuona mtoto siku ya Krismasi." Nilijua hatanii. Jumamosi ile nilichana nywele nikaenda.

Tulikuwa wanaume saba katika ukumbi wenye viti vya mbao na harufu ya nta ya sakafu, kila mmoja akijifanya amepita tu. Sista Wairimu alikuwa mkunga aliyestaafu, mfupi, miwani minene, na miguuni raba za buluu ambazo kwa jicho langu la kazi zilinikera, kwa sababu hazikufanana na kitu kingine chochote alichovaa. Mezani palikuwa na birika kubwa la chai ya tangawizi na sinia la mandazi limefunikwa kitambaa. Mkono wa kwanza uliokwenda kwenye mandazi ulikuwa wa Kimani. Ulipigwa kofi. "Hapa hakuna mtu anakula kabla hajajibu," Sista akasema. "Wewe. Mke wako amekula nini asubuhi?" Kimani akafikiri. "Chakula," akasema. Tukaangua kicheko, lakini mmoja baada ya mwingine zamu zetu zikafika. Mimi niliulizwa mke wangu hulalia upande gani siku hizi. "Wa ukutani," nikajibu, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi nilivyo mjinga. Mbithi, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa methali, akajaribu kututetea. "Sista, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Sista akamtazama juu ya miwani. "Si ni kitanda chako, Mwalimu? Basi kilalie." Jumamosi hiyo tulikunywa chai kavu.

Baadaye, tukiosha vikombe, maana kuosha vikombe kulikuwa sehemu ya somo, alituambia kwa nini alianzisha darasa lile. Siku moja akiwa zamu aliletewa mama mja mzito amechelewa, anatetemeka, hawezi kusema. Akamuuliza mume: kichwa kimemuuma tangu lini? Mume akasema, "Nitajuaje, Sista? Kwani mimi naishi kwa kichwa chake?" Hakuwa mtu mbaya, Sista akasema. Alikuwa amevaa suti, alikuwa analia. Yule mama hakurudi nyumbani. "Dawa ilikuwepo," akasema akipangusa kikombe. "Nilikosa tu mtu mmoja ambaye alikuwa anaangalia." Kimani akachukua kitambaa kingine akaanza kupangusa naye.

Baada ya hapo tulienda kwa hiari. Alitufunga kilo kumi za viazi tumboni kwa leso akatuamuru tufunge kamba za viatu. Alitufundisha kubeba mtoto wa matambara, kushika shingo, kumtoa gesi, na kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupata joto zuri kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, hata kifua cha baba. "Hata chenye manyoya?" Mbithi akauliza kwa huzuni. "Hicho ndicho blanketi, Mwalimu." Na kila Jumamosi mlangoni, kabla ya mandazi, swali: amelala saa ngapi, amekasirishwa na nani, amecheka lini mara ya mwisho, amevaa viatu gani. Nilianza kumwangalia Nyambura kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Yeye naye akapenda, akawa ananipa majibu kabla sijamuuliza. "Leo mwambie nimekula parachichi mbili na nimegombana na redio," alikuwa akisema. Nadhani tulipendana zaidi mwaka ule kuliko mwaka wa harusi.

Mwezi wa nane mama mkwe wangu alianza kuja kila siku kutoka Kabiria. Kwa mila ya kwao mama mkwe halali kwa mkwewe wala hamtazami usoni bila sababu, kwa hiyo alikuja nikishaondoka, na Jumamosi, siku yangu ya nusu zamu, alikaa upande wake wa pazia nami upande wangu, tukawasiliana kupitia kwa Nyambura ingawa tulisikiana vizuri sana. Alileta njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, ndizi za kuchemsha, supu ya mifupa kwenye kopo la maziwa. Majirani walikuja kuonja na kutoa maoni. Nilisikia yote nikiwa nimelala kitandani na gazeti. "Aiya! Angalia mashavu!" "Huyu ameolewa akaoleka." "Mguu umejaa, uso umejaa, Ngai, huyo Mkamba anajua kulisha." Na mama mkwe, kwa sauti ya juu kidogo ili ivuke pazia: "Hata mimi nilikuwa na wasiwasi na yeye. Sasa nimeona." Nilifunika uso na gazeti nikatabasamu mpaka masikio yakaniuma. Kwetu na kwao ni kitu kimoja: mwanamke akinenepa, mume amesifiwa, na hakuna anayeuliza unene wenyewe umekuja kwa siku ngapi.

Viatu vyake vya namba tano vilikuwa vimekataa. Nikamletea sita kutoka dukani, vya kitambaa, laini. Baada ya siku nne vikambana. "Hii kichwa nayo inanigonga," aliniambia jioni ile akijiminya paji la uso, "na hizo viatu zinaniacha alama." Nikampigia goti kama mteja, nikaushika mguu wake mapajani mwangu, nikamwambia kile nilichowaambia wote: mguu wa asubuhi si mguu wa jioni, mama. Kichwa ni hili jua. Kesho yake nikamletea namba saba. Viliingia. Akatembea chumbani hatua tatu kwenda na tatu kurudi, akasema ahsante, nami nikajiona mume wa mfano. Naandika haya nikiwa mzee na bado nasikia aibu ikinipanda. Miguu ilikuwa kazi yangu. Mguu wa mke wangu ulikuwa mkononi mwangu, umeruka namba mbili katika wiki moja, na kitu pekee kilichonijia akilini ni kiatu.

Jumamosi iliyofuata nilifika Adams nikiwa nimevimba kwa majivuno. Sista akasimama mlangoni. "Musyoka. Mke wako amevaa viatu gani leo?" Hilo ndilo swali nililokuwa nimeliombea. "Vya kitambaa, rangi ya maziwa, Sista. Namba saba. Nimemletea mimi mwenyewe." Wanaume wakapiga makofi, Kimani akapiga mluzi, mkono wangu ukaenda kwenye mandazi. Sista hakusogea. "Harusi alivaa ngapi?" "Tano." "Na mwezi jana?" "Tano." Makofi yakaisha yenyewe. "Uso?" akauliza. Nikasema uso umejaa, hata majirani wamesema. "Kichwa?" Nikasikia sauti yangu ikipungua. "Kinamgonga. Na asubuhi aliniambia anaona vitu vinametameta, nikadhani ni dirisha." Sista tayari alikuwa anachukua mkoba wake chini ya meza. "Basi umeangalia vizuri," akasema. "Sasa twende. Kimani, lete gari."

Kutoka pale hadi Woodley si mbali, na Kimani aliendesha pikapu yake ya nyama kwa namna ambayo sitaielezea, maana polisi wengine bado wako hai. Tulimkuta Nyambura ameketi kizingitini na mama yake wanatoa maganda ya mbaazi. Kwa kuwa nilikuja na Sista, na kwa kuwa nilikuwa nakimbia, mama mkwe alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi. Sista akachuchumaa, akamvua Nyambura kiatu kimoja, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, akakiondoa. Shimo likabaki pale. Tulilitazama sote, halikujaa. Akatoa kipimo cha presha mkobani, akamfunga mkononi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena. "Mama," akamwambia mama mkwe kwa upole, "mtoto wako hajanona. Ana presha ya mimba." Mama mkwe akasema haiwezekani, anakula vizuri, mwangalie tu mashavu. Sista akasema, "Hayo mashavu ndiyo yanaongea." Nyambura akaniangalia. Hakulia. Akasema, "Musyoka, chukua ile leso ya njano," na mbaazi zikamwagika kizingitini zote tukaziacha. Tulimbeba kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mama mkwe akapanda nyuma pamoja nami, bega kwa bega kati ya ndoano za nyama, mila au hakuna mila, na njia nzima aliomba kwa Kikuyu huku ameshika mkono wa shati langu.

Hospitalini waume hawakuingia. Daktari mmoja kijana alinielezea haraka kwamba tungechelewa mpaka asubuhi angeanza kifafa cha mimba, kwamba mtoto lazima atolewe leo, kwamba wanajitahidi. Kisha muuguzi akanipa mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na gauni lake, leso ya njano na vile viatu. Nilikaa korido nimevipakata. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia viatu vile. Nilivigeuza nikaona soli hazina hata mchubuko, na nikamwambia Mungu wazi, bila kupamba, kwamba sitaki cheo dukani, sitaki chochote, nataka tu mwenye viatu atoke amevaa. Sista alikaa nami kiti cha pili. Hakunipa mahubiri. Alinipa andazi alilokuwa amelifunga kwenye kitambaa. "Kula," akasema. "Umejibu."

Saa moja jioni wakatuita. Msichana, kilo moja na robo tatu, mwenye uso wa mzee aliyekasirika. Tulimwita Kamene, jina la mama yangu. Nyambura alikuwa amelala, amekonda uso, dripu mkononi, hai. Nililia pale mbele ya wauguzi wote na hakuna aliyenikataza.

Walipotuachia kurudi Woodley, Kamene alikuwa bado hajafika kilo mbili na nusu, na Nyambura alitakiwa kulala. Bosi alinipa wiki mbili. Basi mchana nilivua shati, nikamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kama tulivyofundishwa, nikamfunika leso, nikakaa kwenye kiti karibu na jiko nikisikiliza pumzi zake ndogo zikinipiga shingoni. Siku ya pili mama mkwe akaingia na uji bila kubisha hodi. Jamani! Mkwe yuko kifua wazi mchana kweupe. Alipiga kelele, "Ngai!" akageukia ukuta, na mimi siwezi kuinuka, mtoto amelala. Tukabaki hivyo. Mwishowe alirudi kinyumenyume, mgongo mbele, mkono umenyooshwa nyuma na bakuli la uji ndani yake, mpaka likagota goti langu. Nyambura alicheka akashika mshono. Kuanzia siku hiyo mama mkwe alianza kuimba tangu kwenye lango la mjane, wimbo wa kanisa, kwa sauti ya kuonya, halafu akauliza kupitia mlango, "Blanketi iko kazini?" Nikijibu iko, anageuka, anaingia kinyumenyume. Wiki ya pili alichoka. Akaingia mbele, akamtazama mjukuu wake juu ya kifua changu, akasema, "Sogea kidogo, unamkinga mwanga," nayo mila yetu ikaisha hapo bila mbuzi wala kikao.

Na asubuhi moja Nyambura alisimama kwenda kuanika nepi, akachomeka miguu ndani ya viatu vya namba saba kwa mazoea. Hatua ya kwanza kiatu kikabaki nyuma. Hatua ya pili cha pili kikabaki. Akasimama chini ya mparachichi miguu mitupu, akaiangalia miguu yake, ile miembamba ya harusi, akaniita kwa sauti nisiyoisahau. Nilitoka na mtoto kifuani. "Viatu vimenikimbia!" akasema, na tukacheka mpaka mjane akafungua dirisha.

Kamene sasa ni mama wa watoto wawili. Darasa lilikwisha miaka mingi iliyopita, ukumbi ukawa duka la simu. Pale Kabiria, jeneza likiwa limekwisha kufunikwa udongo, Mbithi alisema jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifikiria. "Miaka yote ile tunaulizwa juu ya wake zetu. Juu yake yeye, nani alikuwa anaulizwa?" Hatukuwahi kumwona mumewe. Alimtaja tu kama "yule wangu wa nyumbani". Tukaenda kumpa pole. Alikuwa mzee mkimya, koti limemzidi, ameketi peke yake mlangoni pa nyumba ya kwanza. Kimani, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, akamsimulia habari za chai na mandazi na lile swali. Nilimfinya, nikachelewa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Raba za buluu," akasema. "Namba sita. Jana pale mochwari walitaka kumvisha vile vya ngozi, vya kanisa, ati ndivyo vya heshima. Nikawaambia hapana, hivyo vinambana kidole kidogo." Akainama, akavua miwani yake, akaipangusa kwa tai. "Nikamvisha mimi mwenyewe."